Saa Nzima ya Bi Zuhura

Mwanangu Hawa,

Kuna jambo nimekuficha kwa zaidi ya miaka ishirini. Linahusu shauri la Bi Zuhura, lile unalopenda kulisimulia, na maneno matatu niliyoyasema siku ile, ambayo mtaa mzima uliyafanya hekima. Hayakuwa hekima. Yalikuwa nini, nitakuambia kabla sijaweka kalamu chini. Nakuomba usirukie mwisho. Wewe una tabia ya kuanza kitabu kwa kusoma ukurasa wa mwisho, na sijawahi kukugombeza kwa hilo, lakini leo nisubiri.

Umetoka baada ya alasiri na shangazi yako, mnakwenda madukani kununua begi na blanketi la baridi ya Dodoma. Naijua Kariakoo na namjua shangazi yako. Hawezi kulipa bei ya kwanza hata akiwa na homa, kwa hiyo hamtarudi kabla ya magharibi. Muda huo unanitosha. Nimemwomba jirani anisogezee meza dirishani na mkono wangu leo umetulia kidogo. Mambo ya dawa za malaria, kufunga mlango na kupiga simu ukifika, shangazi yako ameyasema mara nne, nimehesabu. Mimi nina hili moja.

Siku ile ulipopigiwa simu kwamba umechaguliwa uliingia hapa ndani ukasimama mbele ya kiti changu ukiwa umenyooka kama askari.

"Baba, shikamoo. Unaongea na mjumbe wa jopo."

Nikakuitikia, "Marahaba, mheshimiwa."

Tukacheka hadi nikakohoa. Kisha ukakaa chini kwenye mkeka, ukaniuliza kwa sauti nyingine kabisa: jopo ni nini hasa? Ukasema barua ya usaili inasema mtakuwa watu saba wa kushauri kuhusu masoko na wafanyabiashara wadogo, lakini haisemi mtu mmoja kati ya hao saba anafanya nini. Nikakujibu kama mwalimu mstaafu anavyojibu. Nikakwambia zamani jopo lilikuwa kundi tu la watu, mkusanyiko, na kwamba siku hizi limepanda cheo, limekuwa la wataalamu wanaokaa pamoja kupima jambo na kutoa maoni. Nikakupa na ndugu zake: kamati, baraza, halmashauri. Ukaitikia kwa kichwa, lakini niliona hujaridhika, na ulikuwa na haki. Nilikupa kamusi. Wewe uliuliza swali.

Kabla hujalala ukanisimulia ulivyojibu kwenye usaili. Walikuuliza mshauri mzuri ni mtu wa namna gani. Ukawaambia baba yako alikuwa mzee wa baraza mahakamani, na kwamba alikuwa akifumba macho mtu anapoeleza shida yake, asivutwe na machozi wala mavazi, abaki na maneno peke yake. Ukawapa mfano wa shauri la Bi Zuhura. Ukasema mwenyekiti wao aliandika jambo kwenye karatasi. Ulikuwa unang'aa, mwanangu. Mimi nilitabasamu, nikaomba maji. Tangu siku ile sijalala vizuri, na daktari anadhani ni moyo. Moyo nao umechoka kweli, ameniambia kwa upole wa mtu anayejua hatanitibu muda mrefu. Lakini si huo tu.

Basi nikujibu swali lako upya.

Nilipoitwa kuwa mzee wa baraza nilikuwa bado nafundisha sekondari. Mahakama yenyewe siitaji, imekwisha kuhama na watu wake wengi wametangulia mbele ya haki. Utaratibu wa wakati ule ulikuwa huu: hakimu anakaa katikati, wazee wawili wanakaa kando yake, wanasikiliza kila neno, mwisho kila mmoja anatoa maoni yake. Kura za wote watatu zilikuwa sawa. Wawili wakikubaliana, shauri limekwisha, hata kama asiyekubali ni hakimu mwenyewe. Siku ya kwanza nilimuuliza mwenzangu, Mzee Sudi, aliyekuwa fundi seremala na mkongwe wa kiti kile, kwa nini serikali inamtaka mtu kama yeye au mimi, ambao hatujui sheria. Akaniambia, "Hakimu anajua sheria, Mwalimu. Sisi tunajua mtaa. Sheria haijui nani anakaa mlango wa tatu."

Katika yote niliyowahi kusoma kuhusu washauri sijakuta maelezo mazuri kuliko hayo. Kama ningeyaishi nisingekuwa naandika barua hii.

Uzuri wa jopo niliuona kwa mama yako, Mungu amrehemu, kabla sijauona mahakamani. Unakumbuka alikuwa akienda Feri alfajiri na wenzake wawili, wananunua samaki kwenye mnada kwa pamoja kisha wanagawana mafungu. Uliwahi kwenda naye, ukarudi ukilia kwamba unanuka. Niliwafuata siku moja nikitaka kuona biashara yao. Dalali anapiga kelele, watu wanasukumana, na wale wanawake watatu hawana haraka hata kidogo. Wa kwanza akainua shavu la samaki, akanusa. Akampisha wa pili, naye akainua, akanusa. Mama yako akawa wa mwisho. Nikaona wanapoteza muda, nikamnong'oneza mama yako kwamba yule wa kwanza ni mzoefu zaidi, kwani haitoshi yeye kunusa? Akanitazama kama mwanafunzi aliyekosea jambo jepesi.

"Hatununui kwa pua ya mwenzio hapa," akasema. "Tukinunua kwa pua moja, wengine wawili tumekuja kufanya nini?"

Nililicheka neno hilo njia nzima. Nikalitumia darasani, wanafunzi wakalipenda. Nikawa nalisema kila mahali isipokuwa pale nilipolihitaji.

Hata wale wazee wa klabu ya mpira pale Jangwani, ambao nilikaa nao Jumamosi nyingi, walikuwa na makosa ya aina hii. Timu ikishinda, sifa za kocha. Ikifungwa, wazee wamekula njama. Nao kwa kuogopa lawama walikuwa wanasubiri mmoja aseme, wote waitikie. Hivyo asilaumiwe mtu. Kahawa ilikuwa nzuri lakini ushauri haukuwepo. Nilikuwa nawacheka hao pia.

Sasa Bi Zuhura.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu mpole aliyeshona sare za shule za nusu ya mtaa, hata zako za darasa la kwanza. Alifariki ghafla. Ndugu zake wakaja mahakamani na karatasi ya talaka. Ilikuwa ya kweli, mwandiko ni wake, hakuna aliyebisha. Walisema kaka yao alimwacha mkewe miezi kabla ya kufa, eda ikaisha, kwa hiyo hana urithi, na chumba anachokaa katika nyumba ya marehemu akiachie. Bi Zuhura, alipoulizwa asubuhi ile kama anakubali dai hilo, akasema ni kweli alipewa talaka moja, lakini mumewe alimrejea kabla eda haijaisha na wakaishi kama mke na mume hadi alipokufa. Ndugu wakauliza, shahidi wa kurejea ni nani? Akamtaja shangazi wa marehemu, ambaye naye alikuwa amekwisha kufa. Watu waliojaa ukumbini wakaguna.

Ndugu walieleza asubuhi. Bi Zuhura alieleza mchana. Alisema kwa saa nzima, hili nalijua kwa sababu katika hukumu hakimu alitaja saa alipoanza na alipomaliza. Kisha tukaingia chumba cha ndani sisi watatu. Hakimu alikuwa binti mdogo tu, mkali wa kazi, anaandika hadi kidole kinavimba. Akamwomba Mzee Sudi aanze. Sudi akasema aliona upande wa ndugu una karatasi na upande wa mama una maneno, na yeye anaelemea kwenye karatasi. Alisema "anaelemea." Hakusema ameamua. Hakimu akanigeukia.

"Mwalimu, wewe umesikiaje?"

Nikasema, "Nakubaliana na mwenzangu."

Akaangalia daftari lake. "Mimi namwona huyu mama anasema kweli," akasema. "Mwalimu, una uhakika?"

Nikasema nina uhakika.

Kwa hiyo ikawa wawili kwa mmoja. Akarudi ukumbini akasoma hukumu ambayo hakuiamini, kwa sauti ambayo haikutetemeka, nami nikiwa nimekaa kando yake nimenyooka. Bi Zuhura hakulia. Alifunga kanga yake vizuri, akanitazama mimi, si hakimu, akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyeelewa. Akaondoka.

Jioni hiyo walinipokea kwenye kahawa kama bingwa. Waliokuwa ukumbini walikuwa wamekwisha kueneza: Mwalimu alifumba macho saa nzima, hakutikisika, hakuandika, akapima, halafu akakata kwa maneno matatu. Mmoja akasema, "Mwalimu akifumba macho, mjue mizani inafanya kazi." Nikaiacha habari hiyo ienee. Ndiyo, Hawa, niliiacha, nikanywa kahawa yangu. Wewe ulikuwa darasa la tano. Ulilisikia kwa watoto wenzako ukaja kuniuliza kama ni kweli, nikakwambia, "Watu wanasema mengi." Ukachukua kuwa ni unyenyekevu. Mwezi haukupita nikakuona unamsikiliza bibi yako ukiwa umefumba macho.

Mama yako hakudanganyika. Usiku huo aliniuliza swali moja tu akiwa anakunja nguo.

"Yule mama alisema nini?"

Nikamwambia alisema alirejewa.

"Hilo hata mimi nilikwisha kulisikia sokoni. Leo, mbele yenu, saa nzima, alisema nini?"

Nikajifanya natafuta miwani. Akaendelea kukunja nguo hadi zikaisha. Kisha akasema, bila hasira, "Umenunua kwa pua ya Sudi." Hakulitaja tena hadi anakufa, na kunyamaza kwake kulinikaa mwilini kuliko ugomvi wowote tuliowahi kugombana. Lakini hata yeye alijua nusu. Alidhani nilisikia nikaona uvivu wa kubisha.

Miaka ikapita. Mzee Sudi akaugua, nikaenda kumtazama. Alikuwa amelala kwenye kitanda alichokitengeneza mwenyewe, akitaka kuzungumza mambo ya zamani. Akaniambia kuna shauri moja linamrudia, la mke wa fundi. "Nilishangaa hukuuliza kuhusu ule mkokoteni," akasema.

Nikamwambia, "Hebu nikumbushe."

Akanikumbusha. Bi Zuhura alieleza kwamba mumewe alipomwacha alihama na cherehani yake, kwa sababu fundi haachi cherehani yake anapoondoka. Na siku aliyomrejea alikuja asubuhi, cherehani iko juu ya mkokoteni, akasimama mlangoni akasema "Nimekurejea," shangazi yake akisikia. Akaingiza cherehani ndani, na humo ndani ndimo ilimokuwa siku aliyokufa. Alitaja na siku yenyewe, kwa sababu mvua ilikuwa kubwa, Jangwani hapapitiki, na mkokoteni ulizunguka mbali.

Sikiliza, mwanangu. Mtaa ule ulikuwa na msukuma mkokoteni mmoja tu. Tulimwita Kibua. Alikuwa anakaa mlango wa tatu kutoka kwetu. Alikuwa hai, alikuwa na akili zake, na nilikuwa namsalimia kila asubuhi. Hakimu hakumjua Kibua, sheria haikumjua. Mimi nilimjua. Swali moja tu lilitosha, "Nani alisukuma mkokoteni huo?", aitwe kesho yake aje aseme siku gani na mlango upi. Niliwekwa kwenye kiti kile kwa ajili ya swali hilo, na pengine kwa ajili ya hilo tu.

Nikamuuliza Sudi, yeye kwa nini hakuuliza. Akageuza uso ukutani. "Mimi nilisema la kuanzia tu, Mwalimu. Nilijua wewe umesoma. Nilijua kama nimekosea utanirudisha. Ulipokubali nikasema, basi, niko sawa." Wakati ule Kibua alikuwa amekwisha kurudi kwao Rufiji na kuzikwa huko. Na ile nyumba ilikuwa imeuzwa, wameshusha kuta na kupandisha ghorofa. Leo umepita mbele yake bila kujua, chini wanauza mapazia.

Naye Bi Zuhura nilikutana naye. Kumbe alikuwa akija Kariakoo kununua vitambaa, anakaa Mbagala kwa mpwa wake, anashona mashuka. Nilimwona kwa mbali nikataka kuvuka barabara, ila miguu yangu ilikuwa imeanza kuwa hii. Akanifikia. Akanipa mkono wa heshima, akaniuliza hali ya nyumbani, akanipa pole ya mama yako. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba hadi leo.

"Mwalimu, mimi sina kinyongo na wewe. Watu waliniambia nikate rufaa. Nikawaambia, pale ndani hakimu alikuwa anaandika, Mzee Sudi anaangalia dirishani, aliyenisikiliza ni Mwalimu peke yake. Alifumba macho kabisa, neno langu lisimpite. Kama yeye aliyenisikia ameona sina haki, basi sina. Nikaacha."

Nikamshukuru. Hiyo ndiyo aibu yangu kubwa zaidi, kwamba nilimshukuru, na akaondoka akiwa ameridhika.

Kwa hiyo ukiniuliza tena jopo ni nini, sitakupa kamusi. Mtakuwa saba mezani, na kila mmoja atadhani wale sita wengine wamesikia. Watakuletea habari za mtu anayeuza soksi juu ya turubai pembeni ya barabara, na mezani atakuwepo mtu mwenye karatasi nzuri. Wengine watakutazama wewe kwa sababu umezaliwa Kariakoo. Mimi sitakuwepo kujua ulisema nini. Sikupi amri yoyote. Ila nilitaka uende ukijua mfano uliowapa kwenye usaili ulikuwa wa nini hasa. Ukiona vema kuwaeleza, waeleze. Ukiona aibu, aibu ni yangu, niachie mimi.

Kesho treni yako ikishaondoka, jirani atanipeleka Mbagala kwa bajaji. Nimekwisha kumwambia, akadhani nakwenda kuagiza mashuka. Nimeanza na wewe kwa sababu nilihitaji kuyaandika kwanza ili kinywa kisije kikageuka tena mbele yake, kikamshukuru. Sijui atasema nini. Ana haki ya kusema lolote, na safari hii nitakuwa na macho wazi.

Nakusikia nje. Shangazi yako anagombana na mtu wa bajaji na wewe unacheka, kwa hiyo begi limepatikana.

Basi ni hivi. Siku ile saa sita, Sudi alinichukua kwenda kula pilau kwa mama lishe wa nyuma ya mahakama, na nikaongeza sahani ya pili. Haikuwa Ramadhani. Sikuwa mgonjwa. Tuliporudi, feni ilikuwa inazunguka juu ya kichwa changu, Bi Zuhura akala kiapo, nikaona midomo yake inaanza kusema. Neno nililolisikia baada ya hapo lilikuwa la hakimu, akinishika bega, akisema tuingie ndani.

Sikufumba macho kupima jambo, Hawa. Nilikuwa nimelala.

Baba yako